CHAI YA MOTO, MOSHI WA JIKONI NA MAHINDI YALIYOOZA: UCHUNGUZI ULIOFANYWA KARIBU NASI

Wakulima wengi hudhani kwamba uchunguzi wa kitaalamu ni jambo la Ulaya na Marekani, na kwamba habari zake hutufikia sisi mwisho. Yafaa ufahamu, ndugu msomaji, kwamba baadhi ya mambo yanayosomwa leo na wataalamu wa dunia nzima yalichunguzwa hapa hapa, mahali unapoweza kufika kwa matatu kutoka njia panda ya Kaplong na kurudi kabla ya kukama ng'ombe jioni. Hospitali ya Tenwek ni mahali pamoja. Longisa ni pa pili. Mashamba ya chai ya Kericho ni pa tatu. Taarifa zenyewe huandikwa kwa Kiingereza kigumu, na kwa hiyo tumeona vema kuzieleza kwa Kiswahili, hasa zile zinazohusu nyumba ya mkulima.

Ugonjwa wa umio

Umio ni ile njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni. Mtu akipata saratani mahali hapo, kwanza hushindwa kumeza ugali, halafu uji, na mwisho hata maji. Katika nchi nyingi huu ni ugonjwa wa wazee. Lakini madaktari wa Tenwek walipopitia daftari zao, walitoa taarifa mwaka 2010 kwamba katika sehemu zetu hizi unawapata hata vijana wasiotimiza miaka 30. Jambo hilo liliwashangaza wataalamu wengi, na tangu hapo macho yao yako Bomet.

Taabu kubwa ya ugonjwa huu ni kwamba hauumi mwanzoni. Mgonjwa hufika hospitali njia ikiwa karibu kuzibwa. Kwa sababu hiyo madaktari wa Tenwek walijaribu kuutafuta kabla haujajionyesha, na taarifa yao ilitolewa mwaka 2016. Waliwachukua watu zaidi ya 300 ambao hawakuwa na dalili yoyote, wakapitisha mpira mwembamba wenye taa katika umio wao, kisha wakapaka maji ya ayodini. Mtu yeyote aliyeona mwalimu akitia tone la ayodini juu ya kiazi mbele ya darasa atalielewa jambo hili upesi. Ngozi nzima ya umio ina akiba ya chakula cha aina ya wanga, nayo hushika rangi ya kahawia. Ngozi iliyoanza kuharibika imekwisha kupoteza akiba hiyo, basi haishiki rangi. Daktari huona baka jeupe na kulikata kipande kidogo cha kupima. Katika kila watu kumi, zaidi ya mmoja alikutwa na mabadiliko hayo. Mabadiliko hayo bado si saratani, lakini yakiachwa yaweza kugeuka kuwa saratani, na yakionwa mapema yaweza kuondolewa.

Kwa wale waliochelewa kuna msaada mwingine, nao umetokana na elimu ya madini. Ni bomba la wavu, lililofumwa kwa waya laini wa madini, ambalo huingizwa katika umio likiwa limekunjwa kama mwavuli, kisha hujifungua lenyewe na kuipanua njia. Tenwek ilitangaza matokeo ya kazi hiyo mwaka 2009. Bomba haliponyi saratani, lakini mtu aliyekuwa hawezi kumeza mate huweza kula tena pamoja na watoto wake. Si jambo dogo.

Sasa, unaletwa na nini? Hakuna sababu moja. Tumbaku imo, na pombe imo. Uchunguzi uliofanywa Eldoret na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanywaji wa chang'aa na busaa wako katika hatari kubwa zaidi. Uchunguzi mwingine wa huko huko, wa mwaka huo huo, uliwauliza wagonjwa na watu wazima wasio wagonjwa namna wanavyokunywa chai yao. Wale waliosema huinywa ikiwa moto sana walikuwa wengi zaidi upande wa wagonjwa.

Hapa mkulima wa chai atashtuka, na ana haki. Basi na tuseme wazi: majani ya chai hayana kosa. Shirika la dunia linalochunguza saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitoa maoni yake mwaka 2016, na kilichotajwa ni kinywaji chochote kilicho moto kupita nyuzi 65, kwamba yaelekea chaweza kuleta saratani ya umio. Ukinywa uji au maji ya moto kiasi hicho, hatari ni ile ile. Umio huungua kidogo kidogo kila siku, hujitengeneza, huungua tena, na katika kujitengeneza huko mara elfu na elfu kosa hutokea. Huko Kilimanjaro wataalamu walikwenda na kipima joto nyumbani kwa watu, wakakuta kwamba wengi huanza kunywa chai ikiwa na joto la wastani wa karibu nyuzi 70. Nadhani wangalikuja Kaplong asubuhi ya mvua wasingalikuta tofauti.

Dawa yake ni ya bure. Katika jimbo la Golestan, kaskazini mwa Irani, ambako watu hunywa chai kwa wingi kama sisi, uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanaokunywa kabla ya dakika mbili kupita tangu kumimina wana hatari mara kadhaa kuliko wanaongoja dakika nne au zaidi. Dakika nne, ndugu. Mimina chai, funga mlango wa kuku, kisha rudi unywe.

Watu wameuliza juu ya mursik. Ni kweli kwamba mwaka 2013 wachunguzi walipima mursik wakakuta ndani yake asetaldehaidi, ile sumu inayotokea pia pombe inapovunjwa mwilini. Lakini vibuyu vilivyopimwa vilikuwa vichache, na kukuta sumu ndani ya kibuyu si sawa na kuonyesha kwamba wanywaji wake wanaugua zaidi. Kwa maoni yangu, anayeacha mursik huku akiendelea na sigara na chang'aa amekamata mbuzi na kumwacha chui.

Moshi

Katika nyumba nyingi mama hupika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na tundu la kutokea moshi. Uchunguzi uliofanywa na Tenwek na wenzao katika nyumba za Bomet, uliotangazwa mwaka 2021, ulipima moshi huo hewani na pia katika mkojo wa watu. Sumu za moshi ule ni za jamii ile ile ipatikanayo katika moshi wa sigara. Kwa hiyo mwanamke ambaye hajashika sigara maisha yake yote aweza kubeba mwilini mzigo wa mvutaji.

Lakini usikimbilie kununua kila jiko linalotangazwa. Nchini Malawi watoto zaidi ya 10,000 walifuatwa katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016. Nusu ya nyumba zao zilipewa majiko bora ya kuni. Ugonjwa wa kichomi haukupungua. Sababu zilizotajwa ni kwamba moshi una njia nyingi: takataka zinazochomwa uani, tumbaku ya baba, moto wa jirani.  Mambo matatu hayana gharama kubwa: kausha kuni chini ya paa muda mrefu kabla ya kuzitumia, toboa mahali pa moshi kutokea juu ya ukuta, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto.

Mahindi ya Longisa

Mwezi wa Septemba mwaka 2011, katika tarafa ya Longisa, mahindi yalianza kukauka yakiwa mabichi. Majani machanga yalipata madoadoa ya manjano, ncha na kingo zikakauka, moyo wa mmea ukafa, na magunzi yaliyobaki hayakuwa na punje, au yalikuwa nazo chache. Hapo ndipo ugonjwa huu ulipoonekana kwanza Kenya. Mwaka uliofuata ulikuwa Tanzania, na baadaye Uganda, Rwanda, Kongo na Ethiopia.

Wataalamu walikuta kwamba huletwa na virusi viwili vikikutana. Kimoja, cha miwa, kimekuwapo nchini siku nyingi na peke yake hudhoofisha tu. Cha pili kilikuwa kigeni kwetu, ingawa Marekani, katika jimbo la Kansas, walikwisha kuona muungano wa namna hii mwaka 1976. Kirusi cha kwanza huvunja kinga ya mmea. Cha pili hupata nafasi na kuzaana bila kizuizi. Ni kama wezi wawili, mmoja wa kufunga mbwa na mmoja wa kubeba ng'ombe. Vidukari hubeba kimoja. Vijidudu vyembamba vya majani pamoja na mende wadogo hubeba kingine. Mara chache kirusi hupita hata katika mbegu, na hii ndiyo sababu ya kutochukua mbegu kutoka ghala lako au la jirani.

Mwaka 2013 kituo cha kupimia mbegu dhidi ya ugonjwa huu kilifunguliwa Naivasha, kwa ushirikiano wa shirika la utafiti wa kilimo la Kenya na lile la kimataifa la mahindi na ngano. Maelfu ya aina za mahindi yamepandwa huko na kuambukizwa kwa makusudi. Nyingi zilikufa. Msaada mkubwa ulitoka mbali: mahindi yaliyotoka Thailand yalikuwa na nguvu ya asili ya kuustahimili ugonjwa, na nguvu hiyo imekuwa ikiingizwa katika mbegu za kwetu kwa kuzalisha. Mbegu chotara zinazostahimili zimekwisha kutolewa. Muulize Bwana Shamba wako zipi zinafaa urefu wa sehemu yako. Hata ukizipata, usipande mahindi juu ya mahindi. Virusi hivi huzaana ndani ya mmea ulio hai. Shamba likikaa miezi miwili au zaidi bila mahindi, na badala yake maharagwe au viazi, wadudu hukosa mahali pa kuvichukua.

Mmea mgonjwa ung'oe mapema. Ukiwa bado mbichi waweza kumpa ng'ombe. Lakini gunzi lililooza usimpe, na hapa tunafika kwenye neno ambalo ningependa lisomwe mara mbili.

Sumu ya ukungu

Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza. Baada ya kutafuta sana ikaonekana kwamba walikuwa wamelishwa karanga zenye ukungu. Sumu ya ukungu huo ikaitwa aflatoksini. Mwaka 2004, katika nchi yetu, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Kupika hakuiondoi. Kiasi kinachoruhusiwa katika mahindi ni sehemu 10 tu katika sehemu milioni elfu, basi usitegemee macho wala pua.

Ng'ombe akila mahindi hayo, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, na kuchemsha maziwa hakusaidii. Wachunguzi walipopima maziwa yanayouzwa Dagoretti, Nairobi, waliikuta. Wanaojifunza habari za miji hutwambia kwamba mtoto wa mtaani Nairobi hategemei shamba lake bali letu. Lakini kumbuka kwamba chupa ya kwanza hunywewa na mtoto wako mwenyewe. Habari njema ni kwamba ukiacha kumlisha ng'ombe chakula hicho, maziwa husafika baada ya siku chache.

Mtu aweza kusema kwamba ukungu huu ni wa nchi za joto. Ni kweli hupenda joto, lakini ukungu mwingine, ambao pia una sumu yake, hupenda baridi yetu na mvua yetu, na chakula cha ng'ombe tunachonunua dukani hutengenezwa kwa nafaka za kila mahali.

Kwa kuhifadhi, kuna magunia yasiyopitisha hewa. Yalibuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kameruni. Ndani yake mna mifuko miwili ya plastiki nzito, na nje gunia la kawaida. Fukusi na dumuzi waliomo hutumia hewa mpaka inapungua, huacha kula, kisha hukauka na kufa bila dawa. Lakini gunia halikaushi mahindi. Ukifungia mahindi mabichi umefungia uozo. Pima hivi: chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, ngoja dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kioo, rudisha mahindi juani.

Joto na mbu

Neno fupi la mwisho. Vipimo vya hali ya hewa vya mashamba ya chai ya Kericho, vya kuanzia 1979 hadi 2009, vilichunguzwa na matokeo kutangazwa mwaka 2011: joto lilipanda karibu sehemu moja ya tano ya nyuzi kwa kila miaka kumi. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama hilo ndilo lililozidisha malaria katika milima yetu, maana dawa za zamani nazo ziliacha kufanya kazi wakati huo huo. Vyovyote vile, kijidudu cha malaria hukua upesi zaidi ndani ya mbu penye joto, na mlima hautukingi kama ulivyowakinga babu zetu.

Mwaka 2020 wachunguzi wa icipe walitangaza kwamba wamekuta, katika mbu wa Kenya, kijidudu kidogo kinachoishi mwilini mwa mbu bila kumdhuru na kuizuia malaria isiingie humo. Mbu huwarithisha watoto wake. Wataalamu wanaendelea kutafuta njia ya kukieneza. Chandarua kiendelee kutumika kila usiku, na kikitoboka kishonwe.