Kizimba cha mbwa si jela

Katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru na Eldoret, malango ya nyumba yamebandikwa vibao vyenye maneno mawili: "MBWA KALI". Walimu wa Kiswahili wameyalalamikia maneno hayo hadi wakachoka, kwani mbwa yumo katika ngeli ya A-WA na ilipasa iandikwe "mbwa mkali". Hata hivyo, kosa hilo la sarufi ni dogo likilinganishwa na lile lililo nyuma ya lango. Huko, aghalabu, yumo mnyama aliyefungiwa katika kibanda cha mbao na mabati tangu alfajiri hadi magharibi, asiyetolewa ila usiku ili alinde mali ya bwana wake.

Wenye mbwa hao hujitetea kwa hoja moja: kwamba mbwa asiyeona watu mchana kutwa atakuwa mkali kwa wezi. Hoja hiyo ina walakini. Mbwa wa namna hiyo aghalabu ni mwoga, na mwoga aliyebanwa pembeni humuuma yeyote. Hajui kumtofautisha mwizi na mjomba aliyekuja kusalimu, wala na mtoto wa jirani aliyeufuata mpira wake uani. Mwaka wa 1965 wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha kitabu kuhusu utafiti wao wa miaka mingi. Walionyesha kuwa majuma ya mwanzo ya maisha ya mbwa, takriban kuanzia la 3 hadi la 12, ndiyo yenye uzito mkubwa katika kumfanya awazoee binadamu au awaogope. Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, anayenyimwa watu katika kipindi hicho ni vigumu sana kumrekebisha akishakomaa. Wahenga walikwisha kutuusia kuwa samaki mkunje angali mbichi.

Je, basi tuvivunje vizimba? La hasha! Kizimba chenyewe hakina hatia. Mbwa kwa maumbile yake hupenda mahali padogo palipositirika. Ndiyo maana mbwa jike akikaribia kuzaa hutafuta shimo au uvungu. Aidha, hapendi kuchafua mahali anapolala. Tabia hizi mbili ndizo msingi wa kumzoeza kilebu kukaa kizimbani na kuwa msafi nyumbani.

Kizimba kiwe na nafasi ya kumwezesha mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikiwa kikubwa mno, kilebu atalala upande mmoja na kujisaidia upande wa pili. Kitandikwe gunia safi au blanketi kuukuu, kiwekwe kivulini penye hewa, na maji yasikosekane. Siku za kwanza mlango uachwe wazi. Chakula kiwekwe karibu na mlango, kesho yake ndani kidogo, na baadaye ndani kabisa. Akishaingia kwa hiari yake, mlango ufungwe kwa dakika chache tu anapokula, kisha ufunguliwe kabla hajaanza kulia. Muda uongezwe kidogo kidogo, siku baada ya siku. Neno moja litumiwe kila mara, kama vile "Kizimbani!", na akitii asifiwe.

Akibweka kwa sababu tu anataka kutoka, usimfungulie palepale. Ngoja anyamaze, la sivyo utakuwa umemfundisha kuwa kelele ndiyo ufunguo. Lakini usisahau kuwa kibofu chake ni kichanga. Kilebu wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya muda wa saa mbili hivi, naye wa miezi mitatu, saa tatu. Atolewe nje kila aamkapo, alapo na amalizapo kucheza. Hata mbwa mzima asifungiwe kutwa nzima.

Walimu waliosomea saikolojia vyuoni watamkumbuka Ivan Pavlov, yule mwanasayansi Mrusi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904. Mbwa wake walidondokwa na mate waliposikia ishara iliyozoea kutangulia chakula. Vivyo hivyo, kizimba kinachoandamana na chakula na sifa hupendwa; kinachoandamana na fimbo na makaripio huchukiwa. Kwa sababu hiyo, mbwa asitiwe kizimbani kamwe kama adhabu. Nchini Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na mjadala kuhusu nidhamu haujaisha hata leo. Simfananishi mwanafunzi na mbwa. Nasema tu kwamba kiumbe anayefunzwa kwa hofu hujifunza kwanza kuogopa, na somo lenyewe huwa limempita.

Jambo hili si la huruma peke yake. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Zaidi ya hayo, kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni muhali. Watoto wa umri wa kwenda shule ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Dunia imeazimia kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kuumwa na mbwa wenye kichaa ifikapo mwaka wa 2030, na Kenya iliuzindua mpango wake mwaka wa 2014. Kinga kuu ni kumchanja mbwa kila mwaka. Lakini ni nani atakayemshika yule mkali asiyeguswa na yeyote? Siku ya chanjo huachwa kibandani, ilhali yeye ndiye wa kuhofiwa zaidi. Mbwa aliyezoea kizimba na mikono ya watu huingia bila vita, akapelekwa kwa daktari wa mifugo na kurejeshwa salama.

Wanafunzi, likizo ijayo, ikiwa nyumbani kuna kilebu, ombeni ruhusa ya kumlea kwa utaratibu huu. Walimu, lifanyeni zoezi hili kuwa somo hai la saburi. Mlinzi mwema ni yule anayewajua wa nyumbani na kuwatambua wageni, na hatujui hayo ila kwa kuishi na watu.