Je, Wajua Kwamba Sikio Lina Sarufi Yake?

Tazama maneno haya mawili: "ngwapo" na "lbapo". Yote ni ya kubuni. Hata hivyo, la kwanza huenda ukaliuliza maana yake. La pili utalikataa kabla ya kuuliza.

Kila lugha ina sheria za sauti zipi zikae jirani na zipi zitengane. Kiswahili huruhusu m au n itangulie, na w au y ifuate, ndiyo maana "mbwa" na "nywele" hayatusumbui. Kiingereza kina sauti ya ng' mwishoni mwa maneno mengi, lakini hakianzi neno nayo kamwe. Mgeni akikutana na "ng'ombe" huhangaika.

Neno la kigeni likiingia, hulazimika kufuata sheria za mwenyeji. "Kitab" ya Kiarabu ikawa kitabu, "bus" ya Kiingereza ikawa basi. Irabu inayoongezwa mwishoni haiokotwi ovyo: baada ya sauti za midomo, kama b na m, mara nyingi huwa u (kilabu, timu), kwingineko aghalabu huwa i (benki, mechi). Wageni nao huacha alama zao: "labda" na "daktari" yametuzoesha konsonanti jirani ambazo maneno ya asili ya Kibantu hayana.

Lugha nyingine ni kali zaidi. Kihawaii kina konsonanti 8 tu na hakiweki mbili pamoja, hivyo Krismasi huko ni Kalikimaka. Kijojia, lugha ya Kaukazi, husema "gvprtskvni", yaani unatumenya: konsonanti 8 mfululizo, irabu moja.

Ajabu ni kwamba sheria hizi hutawala hata kusikia. Mwaka 1999, Emmanuel Dupoux na wenzake waliwasikilizisha Wajapani na Wafaransa neno la kubuni "ebzo". Wafaransa walilitofautisha vizuri na "ebuzo"; Wajapani, ambao lugha yao hairuhusu b na z kugusana, walisikia u isiyokuwapo.

Mazoea hayo huanza mapema. Utafiti wa Peter Jusczyk na wenzake, uliochapishwa 1993, ulionyesha kwamba watoto wa miezi 9 hupendelea kusikiliza maneno yanayofuata mpangilio wa sauti wa lugha ya kwao.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeongeza irabu katika neno la kigeni si lazima awe na ulimi mzito. Huenda anatamka vilevile alivyosikia, na mwalimu wake aanzie kwenye sikio.