Msimbazi bila Simba: Somo la njia za baiskeli kutoka Karura

UKIMTAJIA shabiki wa Buguruni jina la Msimbazi, akili yake inakimbilia Kariakoo, kwa Wekundu. Anasahau kwamba kabla ya mtaa na kabla ya klabu kulikuwa na mto. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na pembezoni mwa Buguruni, unakatiza Jangwani na kumwaga maji baharini pale Daraja la Salenda.

Mto huo hauna utani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam. Yanga wanaujua vizuri, maana Uwanja wa Kaunda pale makao makuu yao Jangwani umegeuka bwawa mara kibao, timu ikabaki kuhamahama kutafuta pa kufanyia mazoezi.

Sasa bonde hilo linapangwa upya. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kuliendeleza, na ndani ya mpango kuna daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya jiji. Wakazi wengi wa bondeni wameshalipwa fidia na kuhama.

Hapo ndipo wapenzi wa baiskeli wanapopaswa kuamka. Eneo la wazi lenye miti katikati ya jiji ndilo linalofaa kwa njia za udongo za baiskeli za milimani, zile za gia, shokapu na matairi yenye meno. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, na Afrika Mashariki siyo mgeni. Mnyarwanda Adrien Niyonshuti aliucheza London 2012, akiwa pia ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake.

Lakini kupata njia ni kazi moja, kuitunza ni kazi nyingine. Kwa hilo, pa kuangalia ni Nairobi.

WALIVYOIKOMBOA KARURA

Msitu wa Karura una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi. Miaka ya 1990 ulikuwa unamegwa na kugawiwa watu wajenge. Wangari Maathai alipokwenda kupanda miti Januari 1999, alishambuliwa na walinzi na kupasuliwa kichwa. Hakurudi nyuma, na mwaka 2004 akatwaa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Msitu ulipona, ila watu walikuwa wanauogopa kwa sababu ya vibaka. Mwaka 2009 wakazi wa jirani waliunda chama, Marafiki wa Karura, wakashirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) kwa mujibu wa sheria ya misitu inayowapa wananchi nafasi ya kusimamia. Ukajengwa uzio wa umeme, wakaajiriwa walinzi, njia zikafunguliwa na kuwekewa alama. Leo kuna njia za watembea kwa miguu, za wakimbiaji na za baiskeli, na asiye na baiskeli anakodi hapo hapo.

Siri ya Karura ni kitu ambacho shabiki wa soka anakijua kuliko mtu yeyote: mapato ya mlangoni. Viingilio vilikuwa vinalipa walinzi na vibarua wa kufyeka na kuziba makorongo. Ndiyo maana Agosti 2025, KFS ilipoagiza malipo yote yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen, Marafiki wa Karura walipinga na shauri likafika mahakamani. Anayeshika pesa ya geti ndiye anayeamua kama jembe litanunuliwa mwezi huu au mwakani.

ADUI NI MAJI

Njia ya baiskeli haiuawi na matairi peke yake. Inauawa na maji. Ukiichonga moja kwa moja kutoka juu ya kilima hadi chini, mvua moja ya masika inaigeuza mtaro. Wajuzi wanaikatisha kilima kwa ubavu, na kanuni yao ni kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Uso wa njia unalazwa kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke, yasitembee nayo. Kila baada ya umbali fulani njia inapandishwa kidogo, maji yatoke.

Mvua ikinyesha, njia inafungwa mpaka ikauke. Baiskeli moja kwenye tope inaacha mfereji, na mvua inayofuata inaukuza. Kazi hii haihitaji katapila. Inahitaji jembe, sururu, reki na watu wanaorudi kila wiki.

BUGURUNI INA WATU

Watu hao Buguruni wapo. Kuna vijana wanaopakia mikate na mkaa kwenye Phoenix tangu alfajiri, na mafundi wanaonyoosha rimu chini ya mwembe. Kuna kamati za ndondo zinazojua kuchangisha, kufyeka uwanja na kupanga ratiba bila kusubiri mtu wa wizarani.

Kinachotakiwa ni kuwa na klabu kabla bustani haijafunguliwa: katiba, usajili kwa msajili wa vyama vya michezo na uhusiano na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA). Mazoezi yanaweza kuanza kwa kukanyaga Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto na kupanda Pugu, ambako kuna msitu wa hifadhi na vilima vya kweli. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu wananchi kushirikiana na serikali katika kusimamia misitu, hivyo kuomba kutunza njia siyo kuomba hisani.

Bustani ya Msimbazi ikifunguliwa bila klabu ya aina hiyo, njia zake zitapigwa picha siku ya uzinduzi na kusombwa masika ya kwanza. Wanaobisha wakawaulize Yanga kuhusu Kaunda.