Jinsi Doria ya Polisi Ilivyopimwa Kansas City

Mpango mpya wa polisi unapoanzishwa, watu huuliza upesi kama wizi umepungua. Liko swali jingine ambalo yafaa litangulie: je, mpango umetendwa kama ulivyoandikwa? Jambo hili lilionekana dhahiri katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani, mwaka 1972.

Siku zile iliaminika kwamba motokaa ya polisi ikizunguka mitaani, wezi huogopa. Polisi wa mji ule, ambao mkuu wao alikuwa Bwana Clarence Kelley, walikubali imani hiyo ipimwe. Katika upande wa kusini zilichaguliwa sehemu 15 za doria, zikagawanywa mafungu matatu. Katika fungu la kwanza doria iliondolewa, askari wasiingie ila wameitwa. La pili liliachiwa motokaa moja kwa kila sehemu, kama ilivyokuwa desturi. La tatu liliongezewa motokaa mara mbili au tatu.

Kazi ilianza mwezi wa Julai, na baada ya mwezi mmoja hivi ikasimamishwa. Askari walikuwa wamepungua, tena wengine waliendelea kuingia katika sehemu walizokatazwa. Si ajabu, maana askari aliyezoea kuzunguka, akiambiwa asizunguke, hujiona ameacha wajibu wake. Lakini kama hesabu ya wizi ingalifanywa wakati ule, ingalipimwa doria iliyoondolewa katika karatasi tu. Mambo yakatengenezwa, na kazi ikaanza upya tarehe 1 Oktoba 1972, ikaendelea mwaka mzima. Wapimaji walipanda motokaa pamoja na askari, wakawahoji pia wenye nyumba na wenye biashara.

Taarifa iliyotolewa mwaka 1974 ilisema kwamba mafungu yale matatu hayakutofautiana sana, wala kwa uhalifu, wala kwa hofu ya raia. Wengi walistaajabu.

Hata hivyo, mwaka 1975 mtaalamu Richard Larson alionyesha kasoro. Motokaa zilizoitwa ziliingia mara nyingi katika sehemu zisizo na doria, na pengine zaidi ya moja zilikwenda kwa mwito mmoja, nyingine zikipiga king'ora. Kwa hiyo mwenyeji aliyesimama mlangoni pake aliweza kudhani kwamba polisi wapo kama zamani.