Ramani ya paa zetu: kompyuta inaona nini, na inakisia nini?

Ndugu viongozi wa mitaa, ndugu wazazi wa familia zilizohama,

Tukifika Kipushi na ramani mkononi, watu hutuuliza: nani alihesabu nyumba hizi, na mbona yangu haimo? Swali hilo ni la haki. Pale ambapo msaada unagawanywa kwa kufuata ramani, nyumba isiyoonekana inaweza kuzaa ugomvi kati ya wenyeji na waliokuja. Kwa hiyo tunaeleza hapa jinsi ramani za namna hii zinavyotengenezwa.

Kwa nini kompyuta?

Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo watoto wamezaliwa, wengine wamefuata migodi, na wengine wamekimbia vita, kama wale wa pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto. Ili kuziba pengo hilo, watafiti wa WorldPop, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walikadiria idadi ya watu katika majimbo kadhaa ya Kongo, Haut-Katanga ikiwemo. Walitumia michoro ya majengo iliyotolewa kwenye picha za setilaiti, pamoja na hesabu ya nyumba kwa nyumba katika sehemu chache.

Picha inakatwa viraka

Kwa kompyuta, picha ni vidoto vingi vya rangi vinavyoitwa pikseli. Modeli nyingi za siku hizi huikata picha kuwa viraka vya mraba. Picha ya pikseli 224 kwa 224 hutoa viraka 196, kila kimoja pikseli 16 kwa 16. Ikiwa pikseli moja ni nusu mita ardhini, kiraka kimoja ni mita 8 kwa 8, karibu sawa na nyumba ya familia.

Modeli hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kujaza. Mwaka 2021 watafiti walionyesha njia ya kuifundisha: wanaficha viraka 3 katika kila 4, kisha modeli inakisia vilivyofichwa kwa kutazama vilivyobaki. Katika 196 vinabaki 49 tu. Ni kama fundi cherehani aliyepewa kitenge kilichochanika: kwa kutazama maua yaliyobaki, anajua ua lililopotea lilikaa wapi.

Kazi ya pili ni kutenga. Kila pikseli inapewa jina lake: paa, njia, mti, maji. Kwanza watu huchora mipaka ya paa kwenye picha za mfano, na modeli hujifunza kwao. Modeli zilizo ndogo zinaweza kufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisi. Hiyo ni faida kwetu, maana picha za mahali walipojificha watu waliokimbia hazilazimiki kupelekwa mbali.

Mahali inapokosea

Fundi wetu anajua maua ya kitenge, lakini bado anakisia. Wingu likifunika mtaa, modeli inaweza kujaza paa mahali penye nyasi. Turubai chini ya mwembe halionekani kutoka juu. Nyumba ya majani hufanana na udongo unaoizunguka, na mabati yaliyogusana huweza kuhesabiwa kuwa nyumba moja. Nyumba iliyoachwa na wenyewe bado ina paa. Tena paa halisemi ni familia ngapi zinalala chini yake, wala kiwanja ni cha nani.

Tunawaomba mfanye nini?

1. Mkionyeshwa ramani, ulizeni picha ilipigwa mwezi gani na mwaka gani. Aliyefika baada ya hapo hayumo.

2. Ulizeni ni sehemu gani zilizoonekana kweli na ni zipi zilizokisiwa. Kuuliza si ujinga.

3. Tembeeni mtaa mzima pamoja, mwenyeji na mgeni, wanawake na wanaume, mkilinganisha karatasi na nyumba. Andikeni iliyosahauliwa na iliyozidi, na wote waliotembea waisikie orodha ikisomwa.

4. Msiichukue ramani hii kuwa hati ya ardhi. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na anayeitumia kumfukuza jirani anaitumia vibaya.

Ramani za kompyuta zinasaidia: zinatuonyesha haraka mahali pa kuanzia. Lakini jirani anayejua kwamba nyuma ya mwembe kuna mama na watoto wanne anajua jambo ambalo setilaiti haikuliona. Neno lake liandikwe kwenye orodha kabla ya mgao kuanza.