Kijana halali mapema? Huenda si ukaidi

Saa nne usiku kijana wa miaka 15 anaambiwa akalale, lakini saa sita bado yuko macho. Alfajiri haamki mpaka aitwe mara tatu. Wazazi wengi huuita huo ukaidi au uvivu.

Ubongo una saa yake, inayoongozwa na mwanga. Giza likiingia, saa hiyo huruhusu homoni ya melatonini itoke na kuleta usingizi. Wakati wa balehe, homoni hiyo huanza kutoka kwa kuchelewa, na mwanga wa simu huichelewesha zaidi.

Kengele ya shule, hata hivyo, haichelewi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Akilala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, amepata saa 5 tu. Hali hiyo ikizoeleka, hasira huwa karibu na masomo hayashiki.

Wazazi wafanye nini? Simu zote, hata ya baba, zibaki sebuleni saa nzima kabla ya kulala. Taa zipunguzwe. Asubuhi kijana atoke nje apate mwanga wa jua. Na Jumapili asiachwe alale hadi mchana, maana Jumatatu itakuwa ngumu zaidi.