Je, Wajua? Mvinyo Uliosubiri Miaka 30

Je, wajua kwamba mvinyo ulioshika nafasi ya tano katika shindano ulirudi miaka 30 baadaye ukawa wa kwanza? Ni Ridge Monte Bello wa mavuno ya 1971, kutoka milima ya Santa Cruz, California. Waonjaji wa Kifaransa waliuweka wa tano jijini Paris mwaka 1976. Mei 2006 ulionjwa tena, London na Napa siku moja, majina ya chupa yakiwa yamefichwa. Mavuno yaleyale ya 1971 yakaongoza.

Subira hiyo huanzia kwenye zabibu. Zabibu za mlimani huwa ndogo, zenye ganda nene. Gandani mna tanini, ule ukakasi unaokaza ulimi kama ndizi mbichi. Mvinyo ukiwa mchanga, ukakasi huo ni mkali kwelikweli. Miaka huulainisha, na sehemu yake hutuama chini ya chupa kuwa mashapo.

Umri wa mvinyo mwekundu kama huu huonekana kabla ya kuonja. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingo. Zambarau ni ujana. Rangi ya matofali, nzuri ajabu, ni uzee.